Mtoto Aliyelia Ndani ya Pikapu ya Mhina

Naweka dau boksi langu la spana, lile jekundu, na jeki juu yake, kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeamini hii habari. Na mimi dau sipotezi ovyo. Nimepoteza mara moja tu tangu nizaliwe, na siku hiyo mwenzangu alidanganya.

Mimi ni Dunstan, fundi magari, gereji yangu iko Kilole, Korogwe mjini. Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu alisema sitafika popote, na leo gari lake likizima mnadhani anampigia nani? Injini nikiisikia tu barabarani, kabla gari halijakata kona, nawaambia watu waliokaa hapo, "Hiyo inayokuja pistoni ya tatu imekufa." Wanacheka. Gari linaingia, tunafungua, pistoni ya tatu. Korogwe nzima wanajua. Handeni wanajua pia, ila wana wivu.

Lakini sijakaa hapa kujisifu, nataka niwape habari za Mhina.

Mhina ni Mzigua wa Handeni aliyeoa Kwamndolwa akahamia huko huko kwa wakwe. Mfupi, mweusi, bahili wa maneno. Ukimsalimia anakujibu, halafu basi, ameshamaliza maneno ya siku hiyo. Alianza kwa kubeba mkaa kwenye baiskeli, magunia mawili, anapanda nayo vilima mpaka misuli ya shingo ikawa kama kamba za katani. Akatoka hapo akaingia kwenye bodaboda, miaka saba, kifua kikawa kibovu kwa vumbi. Nguo mpya hanunui, soda hanywi. Tukawa tunamcheka kwamba hata jasho lake analikinga kwenye kikombe alinywe tena.

Mimi ndiye niliyekuwa namcheka zaidi, na nilikuwa na haki. Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge, Mnyamwezi kamili. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anasema lolote, popote, na hakuna kukasirika. Hata msibani. Hasa msibani.

Basi, mwaka juzi Mhina akaibuka na pikapu. Ya petroli, rangi ya maziwa, kuukuu lakini ni gari. Watu wakashika midomo. Huyu? Wa mkaa? Na wiki mbili baadaye binti yake Hafsa, miaka mitano, akaugua homa Ijumaa, Jumapili tukamzika.

Nilikwenda kuzika. Nilifanya kazi yangu ya utani. Jeneza lilipotoka ndani nililala njiani kifudifudi, nikasema mtoto hapiti mpaka baba yake aahidi kunipa lifti ya bure ya hiyo pikapu maisha yangu yote. Mhina alicheka. Alicheka kweli, sauti ikatoka, halafu ile sauti ikageuka katikati ikawa kilio, na ndipo akalia kwa mara ya kwanza tangu mtoto akate roho. Mkewe, Mwanaidi, aliniambia baadaye, "Ahsante shemeji, alikuwa amekauka, nikaogopa." Mnaona? Utani ni dawa. Mimi ni daktari wa magari na wa watu.

Pikapu ikalala miezi minne. Mhina hakutaka hata kuiangalia. Ilikaa uani chini ya turubai, kuku wakataga kwenye bodi. Halafu njaa ikamtoa, akaifuta, akafungua boneti, vilivyochomoka akavirudishia, akaiwasha, akaanza kubeba machungwa na mahindi, Kerenge, Korogwe, Handeni.

Hapo ndipo ilipoanza kulia.

Alikuja gereji akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba mchango.

"Mtani," akasema, "gari langu lina sauti."

"Gari lako kuwa na sauti ni jambo jema. Wewe mwenyewe huna."

"Lina sauti ya mtoto."

Nikacheka mpaka spana ikanidondokea mguuni. Yeye hakucheka. Akaniambia linalia likiwa limesimama, injini ikishika moto. Likitembea linanyamaza. Ukisimama kidogo tu, "ng'aaa, ng'aaa," inapanda inashuka, kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mafundi wawili wa Handeni walishabadilisha mkanda, wakabadilisha na wota pampu, wapi. Nikaliwasha pale gereji. Injini ilikuwa imeshapoa, haikulia. Ikaunguruma vizuri tu.

"Wewe unasikia vitu," nikamwambia.

"Na watu wa gulioni wanasikia." Akaangalia chini. "Wanasema nimemtoa Hafsa kafara. Wanasema ndiye aliyeninunulia gari na sasa anaendesha injini."

"Na wewe unasemaje?"

"Kuna siku nilisimama njiani, peke yangu, likalia. Nikaliambia nyamaza mwanangu. Kuna mtu alipita akanisikia."

Sasa mtu mwenye akili hapo angeogopa. Mimi nilipanda gari. Nikamwambia kesho twende wote gulioni, nikisikia kwa masikio yangu ugonjwa nautaja hapo hapo, kabla hujashusha chungwa la kwanza.

Kijiji chenyewe kiko njia ya Handeni, jina nalificha kwa sababu bado napita hapo. Siku ya gulio, saa nne asubuhi, jua limeshachachamaa. Tukaingia na machungwa mpaka juu. Mhina akasimama karibu na bucha, na kabla hajazima, pikapu ikalia.

Nawaambia ukweli, nywele zilinisimama. Nimesikia mikanda, nimesikia beringi, nimesikia gia zikisagana. Hii ilikuwa ni mtoto. Inavuta pumzi, inapanda, inakatika, inaanza tena.

Mwenye bucha, jitu moja linaitwa Mustafa, lilitoka na mpini wa shoka mkononi. Wala halikusalimia.

"Leo umemleta tena."

"Mustafa, ni gari," Mhina akasema.

Alichojibiwa ni mpini. Ulimpata kwenye mdomo, meno mawili yakatoka hapo hapo, akaanguka kutoka mlangoni mwa gari kwa uso. Kufumba na kufumbua, watu. Sijui walitokea wapi. Mtu anauza nyanya ameacha nyanya, anatoa mchango wa mateke. Walimkanyaga mbavu, nikazisikia, na mimi nasikia vitu vinavyovunjika kuliko mtu yeyote. Mmoja akampiga na jiwe la mizani kisogoni. Mwingine, mama mtu mzima na kitenge chake kizuri, anamfinya masikio huku analia, "Mtoto alikukosea nini?" Machungwa yanabingirika kila upande, watoto wanaokota, damu inaingia kwenye machungwa.

Tairi likaletwa. Mnajua tairi maana yake nini. Nyuma ya tairi akaja kijana wa bodaboda na chupa ya petroli.

Nikapanda juu ya bodi nikapiga kelele kwa Kizigua. Kizigua changu mimi kinanyooka kuliko chao, nimezaliwa humu. Nikawaambia mimi ni fundi, huu ni ugonjwa wa injini, nipeni dakika kumi nimkamate huyo mtoto mumuone. Jiwe likanipita sikioni. La pili halikunipita, alama hii hapa juu ya jicho. Lakini Mustafa akanyanyua mkono.

"Mpeni. Akishindwa tunachoma wawili."

"Watatu," akasema kijana wa petroli, "na gari."

"Gari usichome," mtu akadakia kwa nyuma, "gari tugawane."

Basi bwana, nikafungua boneti. Mhina wamemkalisha ndani ya tairi, damu inamtoka mdomoni kama bomba bovu, na injini inalia juu ya kichwa chake. Nikachukua bisibisi yangu ndefu. Ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaubana kwenye sikio, na chuma kinakuambia. Nikaweka kwenye altaneta, iko salama. Wota pampu, mpya, haina neno. Huku bisibisi inanichoma sikio, na nyuma yangu mtu anahesabu kwa sauti, "Dakika ya nne, fundi."

Nikashuka nyuma ya injini, pale inapoungana na gia boksi. Hapo! Sauti iliniingia mpaka kwenye jino. Mtoto yuko huku.

Sasa sikilizeni elimu ya bure. Injini ya petroli inapumua kama mtu. Ina mrija mmoja unaoingiza hewa safi ndani ya tumbo lake, na kidude kingine kinachoivuta itoke. Ukiziba ule mrija wa kuingizia, injini inavuta na haipati. Inahangaika kutafuta pa kupumulia, na pahali penyewe ni kwenye sili ya nyuma ya krenki, raba laini, duara. Hewa inapita kwenye ile raba kwa nguvu, raba inatetemeka kama mdomo, inalia. Likitembea, mvuto unapungua, inanyamaza. Likisimama, inalia. Mafundi wa Handeni walikuwa wanabadilisha mikanda. Nawaombea.

Kuna namna moja ya kujua kama ndiyo hivyo. Unaifungulia dirisha. Nikashika dipstiki, kile kipimo cha oili, nikachomoa nusu.

Kimya.

Kimya cha gari, kimya cha gulio zima. Hata mbuzi wa bucha walinyamaza. Yule mama wa kitenge akaziba mdomo. Nikarudisha dipstiki, mtoto akalia. Nikachomoa, akanyamaza. Mimi nilishashinda. Mimi, Dunstan wa darasa la tano, nilikuwa nimeshika uhai wa mtu kwa vidole viwili, na watu mia mbili wananitazama.

Na nikiwa nimeshinda huwa sijui kunyamaza.

Nikarudisha dipstiki, akalia, nikainama kwenye boneti, nikasema kwa Kizigua, kwa sauti wote wasikie, "Nyamaza Hafsa, nyamaza mama, baba yako amekuuza lakini mjomba nimekuja kukukomboa." Nikachomoa. Akanyamaza. Nikamgeukia Mhina na tabasamu lote. Ni utani, si ndiyo? Nilitegemea atacheka kama siku ile ya jeneza, na watu wacheke naye.

Mhina alinitazama na ule mdomo uliopasuka. Aliniambia neno moja, polepole: "Hapana."

Wale watu hawakujua kama mimi ni Mnyamwezi. Wangejuaje, na Kizigua changu kimenyooka? Walichoona ni mganga. Mganga wa Mhina, amekuja naye, anaongea na maiti kwa jina lake, na maiti inamtii.

"Amemtaja!" yule mama akapiga yowe. "Anamjua kwa jina!"

Nilipigwa na kitu sijui nini mpaka leo. Nadhani ni benchi. Nilianguka ndani ya injini, mkono huu ukabandikwa kwenye egzosi, ngozi ikabaki kule. Nikavutwa miguu. Mateke ya kichwa, mateke ya sehemu ambazo sitataja. Kwa pembeni naona Mhina amejaribu kunyanyuka, na kijana mmoja, kijana mdogo kabisa, amevunja chupa ya soda kwenye bampa na kumchoma nayo usoni. Jicho la kushoto. Mhina hakupiga kelele. Alikohoa tu. Halafu petroli ikamwagwa juu yake, nikasikia harufu, na mtu anauliza kiberiti kiko kwa nani, kama mtu anayeuliza chumvi.

Nikamng'ata mtu. Nawaambieni ukweli, nilimng'ata mguu mpaka akaniachia, nikarudi kwenye injini kwa magoti. Ule mrija wa kupumulia uko juu, unene wa kidole gumba. Nikasukuma dipstiki mahali pake, nikaunyofoa mrija kwa nguvu, na bano lake. Nikaupiga kwenye madigadi mara moja, mbili. Ikatoka kete ya udongo, kama kizibo, imekauka, ndefu kama betri ya tochi, ikadondoka miguuni pa bibi mmoja.

Huyo bibi anaitwa Zamda, anauza vyungu. Wala hakuja kwa huruma. Alikuja kwa hasira, maana mawe yao yalikuwa yamemvunjia vyungu vinne, na alikuwa na kipande cha chungu mkononi anatafuta wa kumpasua. Alinipiga nacho mimi kwanza.

"Shikamoo bibi," nikasema. Ndiyo, nilisema. Ungekuwa wewe ungesema nini?

"Marahaba, mshenzi mkubwa." Akaokota ile kete. Akaipondaponda kwa vidole, akainusa, akaitemea mate akaisugua. Ndani wakatoka buibui waliokauka na funza mmoja mweupe. "Huu si udongo wa mtu," akasema. "Huu ni udongo wa nyigu. Wanabeba na mate. Wamejaa kwenye paa langu."

"Ndiye aliyekuwa analia, bibi. Aliziba pumzi."

"Washa."

Ilikuwa bado inawaka, inaunguruma, na mrija uko nje unaning'inia. Hailii. Akaniambia, "Ziba." Nikamwambia ziba wewe. Akatia kidole chake cha mfinyanzi kwenye tundu pale juu ya injini, mahali mrija ulipochomekwa. Injini ikavuta, ikahangaika, ikaanza: ng'aaa. Akatoa kidole, kimya. Akatia, ng'aaa.

Akageuka na kidole kimejaa oili.

"Mustafa! Njoo utie chako. Au na mimi nimeua mtoto?"

Mustafa hakusogea. Kijana wa petroli alikuwa amekipata kiberiti, amekishika, njiti iko nje. Yule bibi akamwendea Mhina, akajibwaga kwa matako juu ya tairi, petroli ikamlowesha kanga yote.

"Haya washa. Halafu vyungu vyangu vinne atalipa nani?"

Hakuna aliyewasha. Mmoja akacheka, kicheko kibaya cha aibu. Mwingine akaondoka. Yule mama wa kitenge akatia kidole kwenye tundu, akasikia, akatoa, akakaa chini kwenye machungwa yaliyopondeka akalia upya. Mustafa ndiye aliyekuja kubeba miguu ya Mhina tulipompakia. Mikono ile ile. Akamweka polepole kabisa, akamfunika turubai, akaingia buchani kwake akafunga mlango.

Niliendesha mpaka hospitali ya Korogwe kwa mkono mmoja, mrija nimeuchomeka tena ukiwa mtupu. Kwenye kituo cha mafuta nililazimika kusimama, lori limeziba njia. Pikapu ikasimama, inaunguruma. Mhina alikuwa amelaza kichwa dirishani, kitambaa usoni kimeshaloa.

"Halilii," akasema.

"Halilii. Mrija uliachwa umechomoka na aliyekuuzia, nyigu wakajenga ile miezi minne, halafu wewe kwa usafi wako ukaurudishia. Ni hivyo tu."

"Ni hivyo tu," akasema. "Kwa hiyo hakuwemo."

"Hakuwemo, mtani."

Lori likatoka. Sikuongeza neno, na mnanijua mimi.

Jicho hawakuliokoa. Mbavu tatu, meno mawili, na sikio moja halisikii vizuri. Mwanaidi alikuja wodini akaniona na bandeji zangu, akaninawisha uso kama mtoto. Mimi nilikuwa nishaanza kuwahadithia manesi jinsi nilivyomng'ata mtu. Akaniuliza, "Shemeji, ni kweli ulimtaja Hafsa pale?" Nikasema ni kweli. Akaendelea kuninawisha, lakini hakuongea tena siku ile.

Mhina hajaacha kazi. Pikapu sasa anaendesha shemeji yake, mdogo wa Mwanaidi, Mhina mwenyewe anakaa pembeni, anapanga mizigo. Lile gulio wanakwenda. Mustafa anampa mzigo wa ngozi kila wiki na hawaongei habari ile. Bibi Zamda vyungu vyake vinne nilimlipa mimi, na ameshaniuzia vingine viwili nisivyovihitaji. Ukija Kilole nitakuonyesha kete ya nyigu, niliokota nusu yake, iko kwenye boksi la spana.

Namtania Mhina bado. Kwa sasa namwita dereva wa taa moja, na yeye ananijibu kwamba taa moja inamtosha kumuona Mnyamwezi. Lakini kwenye utani jina la mtoto siliweki tena mdomoni mwangu, wala yeye hajawahi kunilaumu.

Ugonjwa wa gari niliupata, na niliupata ndani ya dakika saba. Kumtaja Hafsa kwenye boneti, pale nilipokuwa nimeshashinda, nilikosea.